Foleni Iitwayo NG'OMBE

Mwezi uliopita mmoja wenu alinipigia simu kutoka Bariadi. Alikuwa ameajiriwa kwenye kiti changu cha zamani, kile chenye mguu mmoja mfupi, na ndiyo kwanza alikuwa ameingia kwenye mipangilio ya ruta, mtambo unaogawa njia ya mtandao.

"Shikamoo Mama Kabula. Samahani kwa usumbufu. Humu ndani nimekuta foleni inaitwa NG'OMBE. Imewekwa juu ya foleni zote, hata barua za Mkurugenzi ziko chini yake. Nadhani kuna mtu alifanya utani akasahau kuutoa. Naifuta."

"Umeifuta au unaifuta?"

"Ndiyo naifuta sasa hivi."

"Toa mkono kwenye kibodi, mwanangu. Ukalie."

Aliukalia kweli, nilisikia kiti kikigonga sakafu. Nikamwambia aiache foleni hiyo mpaka nimwandikie. Na kwa kuwa najua kesho atanipigia mwenzake wa Maswa na keshokutwa wa Busega, nawaandikia wote mliochukua kazi hii, mnaokaa na mitambo inayonguruma chumbani mkidhani kwamba aliyewatangulia alikuwa mwendawazimu. Hatukuwa wendawazimu. Tulikuwa na kamati.

Nimestaafu. Naishi Nassa, nalima mpunga, na asubuhi naamshwa na ndege badala ya kengele ya betri ya mnara. Lakini miaka mingi nilikuwa fundi wa mtandao wa shirika moja la kuhudumia wakulima wa pamba na wafugaji, makao makuu Bariadi, na vituo vyake viwili, kimoja hapa Nassa na kingine Sola. Sitalitaja jina. Waliokuwemo wanajijua, na wengi bado wananisalimia sokoni kwa kuinamisha kichwa.

Niwaeleze kwanza sauti huwaje ikiwa ndani ya waya, maana vitabu vyenu vinaeleza kwa michoro na mchoro hausikiki. Mtu akisema "halo" kwenye simu ya intaneti, neno lake halisafiri zima. Linakatwakatwa vipande vyembamba, hamsini kwa kila sekunde. Kila kipande kinafungwa kwenye pakiti yake, kinaandikwa kinakokwenda, kisha kinaachwa barabarani pamoja na pakiti za barua pepe, ripoti, picha za harusi na video za mieleka. Upande wa pili vipande vinapangwa upya na kuwa "halo". Njia ikiwa pana, wote wanapita bila kuulizana. Lakini njia yetu ya Bariadi kwenda Sola ilikuwa nyembamba kama uchochoro wa kupitisha mbuzi, ikirushwa kutoka mnara hadi mnara juu ya mashamba ya pamba, na intaneti ya ofisi nzima ilipita humohumo. Hapo foleni inaanza, na kazi yenu pia inaanza hapo: kuamua nani atangulie.

Baba yangu alikuwa na ng'ombe wachache. Kiangazi akiwapeleka lamboni, ndama walikunywa kwanza. Dume kubwa lenye nundu lilisimama pembeni likikwaruza udongo kwa kwato, likangoja. Sikuwahi kumsikia baba akisema kwamba ndama wana cheo. Ndama hawezi kungoja, na akinywa hamalizi maji. Basi.

Pakiti za sauti ni ndama. Ni ndogo, haziwezi kungoja, na haziwamalizii wengine njia. Faili kubwa ni dume: likichelewa dakika moja, litafika na nundu yake ileile. Sauti ikichelewa hata robo ya sekunde, inaanza kuharibika.

Mfano huu ningebaki nao kichwani tusingepata taabu yoyote. Kosa langu ni kwamba niliusema kwenye mkutano.

Lakini kabla ya mkutano huo, lazima niwatambulishe kwa Mama Nkwimba, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kazi ingawa hakuwahi kugusa ruta. Nilipoanza, alikuwa mapokezi. Zamani yeye ndiye aliyekuwa akiunganisha simu kwa mkono, kwenye ubao wa matundu na nyaya. Ubao huo ulipotupwa, walimhamishia kwenye meza ya mbele wakampa kitabu cha wageni, akakitazama kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Masikio yake yalikuwa hayajahamishwa. Aliweza kukaa mbali na simu na kusema, "Huyo anayepiga kutoka Nassa kasimama kwenye upepo."

Wiki zangu za kwanza nilijifungia chumbani nikapanga foleni nzuri mno. Sauti mbele, barua nyuma, rangi kwa rangi. Sola wakaendelea kulalamika kwamba simu inakatika maneno. Nilipomweleza Mama Nkwimba nilichofanya, aliniuliza swali moja.

"Humu ndani ya ofisi, kutoka meza hadi meza, kuna msongamano?"

"Hakuna. Njia ni pana sana."

"Na huko nje mnarani?"

"Huko ndiko kwembamba."

"Na hizo foleni zako umezipanga wapi?"

Nikaelekeza kidole kwenye meza za ofisini.

"Umeweka trafiki uwanja wa mpira," alisema, akarudi kwenye kitabu chake cha wageni.

Andikeni hilo ukutani. Kipaumbele kinawekwa penye wembamba, kwingine ni mapambo. Na jingine nililolijua baada ya kulia machozi: punguza kidogo kasi unayotuma, iwe chini kidogo ya ile njia inayoweza kubeba, ili foleni isimame kwako unapoiona, isikusanyike kwenye mtambo wa mtu mwingine ambaye hajui ndama wako ni yupi.

Mama Nkwimba ndiye pia aliyenipa kipimo bora kuliko programu zote. Mtaalamu aliyetuletea mitambo alituachia programu ya kupima ucheleweshaji, inatoa namba na mistari ya kijani. Sisi tulikuwa tunapiga Sola na kusalimia kwa Kisukuma. Mnajua salamu yetu ilivyo. Mmoja anarusha, mwenzake anadaka na kurudisha, na hurushi la pili kabla la kwanza halijarudi. Mwangaluka. Mwangaluka. Mhola? Mhola duhu. Watoto? Ng'ombe? Mvua huko? Sauti ikichelewa nusu sekunde tu, kila mmoja anadhani mwenzake hajaitika, anarudia, majibu yanagongana katikati ya njia, mnanyamaza wote wawili kwa adabu, kisha mnaanza wote wawili kwa adabu. Na kwa kuwa hakuna aliyelelewa vizuri atakayeingia kwenye shida kabla salamu haijakamilika, mnarudi mwanzo. Nimewahi kuwaona karani wa Bariadi na karani wa Nassa wakisalimiana tangu chai ya saa nne mpaka nilipomaliza kubadilisha betri za mnara nikashuka. Walipofika mwisho, walikuwa wamesahau sababu ya kupigiana simu. Wakaagana, na hilo nalo likachukua muda.

Salamu ikipita bila kugongana, njia yako ni nzima. Huhitaji mstari wa kijani.

Sasa mkutano. Nilisimama mbele ya wakuu wa idara nikaeleza habari ya lambo, ndama na dume. Nikasema simu za vituo zipewe nafasi ya mbele. Mkurugenzi, mtu mpole, mwenye kofia ya pama aliyoivua wakati wa sala tu, alisikiliza yote kwa makini na kuondoka na neno moja: kutangulia.

"Kwa hiyo, fundi Kabula, unataka kuniambia kwamba mpaka leo, humo kwenye waya, pakiti yangu na pakiti ya dereva zinasimama foleni moja?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na ya dereva inaweza kupita kabla ya yangu?"

"Ikiwa imefika kwanza."

Chumba kizima kilivuta pumzi. Nilimwona Afisa Utumishi akiweka mkono kifuani.

Siku ya tatu lilishuka dokezo, limegongwa mihuri miwili. YAH: UZINGATIAJI WA ITIFAKI KATIKA MTANDAO. Lilieleza kwamba pakiti za Mkurugenzi zitakuwa daraja la kwanza, za wakuu wa idara daraja la pili, za maafisa la tatu, za watumishi wengine la nne, na za vituo vya nje daraja la mwisho pamoja na wageni. Lilikuwa dokezo safi. Halikuuliza popote kama pakiti hiyo ni sauti, au barua, au mieleka.

Nililitekeleza. Hapa ndipo nakiri mbele yenu. Ningeweza kubishana, na sikubishana, kwa sababu lilikuwa na mihuri miwili na mimi nilikuwa na watoto watatu shuleni.

Kisha yakaanza maombi. Mhasibu aliandika kwamba hesabu haziwezi kuwa daraja moja na mipango. Akapandishwa. Mipango wakaandika kwamba mhasibu amepandishwa. Wakapandishwa. Katibu muhtasi akasema barua za Mkurugenzi anaziandika yeye, iweje barua iwe ya kwanza na mwandishi wake wa nne? Dereva akasema kwamba anayekaa gari moja na Mkurugenzi hawezi kutenganishwa naye hewani. Ikaundwa Kamati ya Kipaumbele, ikakaa kila Alhamisi kwa chai na maandazi. Mlinzi, ambaye hakuwa na kompyuta, aliomba awekwe daraja la kwanza kwa heshima tu, akakubaliwa, kwani alikuwa mtu mzima na mzee wa kanisa. Baadaye alinunua simu kubwa, akaanza kusikiliza kwaya getini tangu asubuhi mpaka jioni, daraja la kwanza.

Hazikupita Alhamisi nyingi kabla ya wote kumi na wanne wa makao makuu kuwa daraja la kwanza. Mkijaza watu wote mlango wa mbele, mlango wa mbele unakuwa ndio ule mlango wa nyuma mlioukimbia, ila safari hii na shangwe. Waliobaki nyuma ni Sola na Nassa peke yao. Kwa nini wao? Kwa sababu wao wa nje waliomba kwa simu, na simu zao hazikusikika.

Siku moja nilimshusha mhasibu kimyakimya ili Nassa wapate kuripoti ugonjwa wa kuku. Akatambua kabla chai haijapoa. Nikapewa barua ya onyo, na Kamati ikachukua hatua za uwazi: nywila ya ruta ikagawanywa nusu mbili, nusu moja ikahifadhiwa na Mkurugenzi, nusu na Afisa Utumishi. Kabati la mitambo likafungwa kufuli, ufunguo ukakaa masijala ndani ya bahasha iliyowekewa lakiri. Mimi, fundi, nikabaki na bisibisi.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mchana ule ng'ombe wa Mama Minza aliposhikwa na uchungu Sola.

Mama Minza alikuwa mjane, na ng'ombe huyo alikuwa mmoja tu aliyebaki kwake. Alimwita Wabeja, ahsante, kwa kuwa kaka yake ndiye aliyempa siku alipobaki peke yake. Ilikuwa mimba ya kwanza. Alimleta kituoni asubuhi kwa mguu, akimbembeleza njia nzima, kwa sababu aliona kwato moja tu imetokeza ambapo zilipaswa kuonekana mbili. Kituoni alikuwepo Dotto, msaidizi wa mifugo, binti hodari aliyekuwa amesomea chanjo lakini hajawahi kumzalisha ng'ombe aliyekwama. Daktari wa mifugo, Daktari Shija, alikuwa kwetu Bariadi. Gari la shirika lilikuwa juu ya mawe, bila magurudumu mawili.

Mtaniuliza kwa nini hawakutumia simu ya mkononi. Siku hizo kituo cha Sola kilipata mawimbi sehemu moja tu, juu ya tangi la maji, kwa kupanda ngazi. Na Dotto mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya ng'ombe mpaka begani. Walichofanya ni kuivuta simu ya mezani mpaka dirishani, wakaiweka kwenye kipaza sauti ikitazama zizi. Mama Minza akasimama dirishani kuipeleka na kuirudisha sauti.

Nilikuwa napita kwenye korido nikamsikia Daktari Shija ofisini kwake akimpigia Mama Minza kelele za salamu ya mchana, akimwita mayu, yaani mama.

"Mwadila, mayu! Mwadila!"

Kimya. Kisha sauti ya Mama Minza ikaja imekatika kama kamba iliyotafunwa na panya. "...dila, ba... mwadi..."

"Mwadila! Mhola, mayu?"

"Mwadila, baba..."

"Mhola?"

"...dila..."

"Mayu, ng'ombe yukoje?"

Hilo halikufika. Kilichofika, baada ya kimya kirefu, ni jibu la swali la nyuma. "Mhola duhu," alisema Mama Minza kwa heshima zote, yaani huku kwema tu, na nyuma yake ng'ombe akaguna mguno uliopasuka vipande vinne.

Daktari Shija alinitazama. Jasho lilikuwa limefika kwenye kola.

"Kabula, ndama amekunja mguu mmoja nyuma. Dotto anatakiwa amrudishe ndani kidogo, aikinge kwato kwa kiganja, aunyooshe mguu. Lakini amrudishe wakati mama yake amepumzika, si wakati anasukuma. Akikosea anamchana. Mimi namsikia ng'ombe akisukuma, nangoja, akitulia nasema 'sasa'. Na 'sasa' yangu inafika wakati ameshaanza kusukuma tena! Nimekwisha sema 'sasa' mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa uongo."

Vijana, katika miaka yote hiyo sijapata maelezo mazuri zaidi ya kazi yetu. Neno "sasa" likichelewa sekunde mbili, si "sasa" tena. Barua inaweza kufika kesho na bado ikasema kweli.

"Mpaka lini?" nilimuuliza.

"Dotto anasema ulimi wa ndama umeanza kuvimba. Nusu saa labda. Baada ya hapo tutampoteza ndama, na baada ya ndama, mama."

Nilikimbia. Ilikuwa Alhamisi, Kamati ilikuwa inaketi. Niliusukuma mlango bila kubisha, kitu ambacho katika shirika lile kilikuwa kikubwa kuliko kuchoma faili. Afisa Utumishi alikuwa amesimama akisoma ombi la mlinzi, la kupandishwa kutoka daraja la kwanza kwenda daraja la kwanza maalumu.

"Fundi Kabula," alisema, "suala lako limo kwenye ajenda?"

"Halimo."

"Basi lisubiri mengineyo."

"Kuna ng'ombe anazaa Sola," nikasema. "Ndama amekunja mguu."

Nimewahi kuona umeme ukirudi mjini Bariadi baada ya kukatika siku nzima. Nyuso zile ziliwaka namna hiyo. Hakuna mtu mezani pale ambaye hakuwa na zizi kwao, au la baba yake, au la shemeji yake. Mkurugenzi alivua kofia.

"Mguu wa mbele au wa nyuma?"

"Wa mbele."

"Mzao wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Wa nani huyo ng'ombe?"

"Wa Mama Minza, mjane. Ndiye pekee aliye naye."

"Asivutwe!" mhasibu alisema, akisimama. "Mwambieni asivute!"

"Atiwe mafuta mkononi," dereva alisema kutoka dirishani, maana alikuwa akisikiliza nje. "Mafuta ya kula yanafaa."

"Daktari anajua," nikasema. "Anayajua yote hayo. Hasikiki. Njia imejaa."

"Imejaa nini?" Mkurugenzi alisimama, na sijapata kumwona mtu mpole akikasirika vile. "Nani anamzibia njia huyo ng'ombe? Nitajie mtu!"

Nikamtajia. "Wewe, mheshimiwa."

"Mimi?"

"Kompyuta yako inapakua mieleka. Tangu asubuhi. Daraja la kwanza."

Alikaa. Akasimama tena. "Nishushe."

"Nikushushe daraja la ngapi?"

"La mwisho kabisa! Chini ya wageni!"

"Na mimi," mhasibu alisema.

"Nami nishushwe chini ya Mkurugenzi," alisema mkuu wa mipango.

"Chini ya Mkurugenzi nitakuwa mimi," alisema katibu muhtasi. "Ndipo mahali pangu tangu nimeajiriwa."

"Huwezi kuwa chini kuliko mimi, mimi ni dereva!"

"Ndugu wajumbe!" Afisa Utumishi aligonga meza. "Tunashuka kwa utaratibu gani? Kuna fomu ya kupanda, fomu ya kushuka hatuna!"

"Nusu yako ya nywila," nilimwambia. "Hiyo tu, kaka. Nusu yako."

Aliangalia huku na huku kama mtu anayevuliwa shati, akanisogelea, akaninong'oneza sikioni. Mkurugenzi akaninong'oneza sikio la pili. Nusu zote mbili zilikuwa neno moja, "bariadi". Kila mmoja alikuwa ameichagua kwa siri yake.

Masijala waliikata lakiri kwa kisu cha maandazi. Nilifungua kabati, nikapiga magoti mbele ya ruta, nikafuta madaraja yote, la kwanza mpaka la wageni, mihuri na heshima zake. Nikaandika foleni moja juu, sauti tu, ya mtu yeyote, simu yoyote, na nikaipa sehemu yake ya njia isiyozidi theluthi ili isije nayo ikawa dume. Mtambo uliniuliza jina la foleni. Vidole havikuwaza. Niliandika NG'OMBE.

Niliporudi, nilikuta ofisi ya Daktari Shija imejaa Kamati nzima, pamoja na mlinzi ambaye geti alikuwa ameliachia kwaya. Wote walikuwa wameiinamia simu, na wote walikuwa wakimshauri ng'ombe.

"Mnyanyue mkia!"

"Mpeni chumvi!"

"Mayu, mwambie asimame kichwa kikiangalia mteremko!"

Sasa njia ilikuwa safi, na ushauri wote ulikuwa ukifika Sola bila kupotea hata silabi. Nilitaka kulia. Ndipo Mama Nkwimba alipoingia kutoka mapokezi. Alitembea polepole, akapita katikati ya wakuu wa idara kama mtu anayepita kwenye mahindi, akanyoosha kidole kimoja kilekile alichokuwa akiunganishia nyaya zamani, akamwekea Mkurugenzi mdomoni.

"Laini ni ya mmoja," alisema. "Daktari, zungumza."

Ofisi ikatulia. Na katika utulivu huo tukasikia kitu ambacho hakikuwahi kusikika kwenye mtandao wetu tangu uwekwe: pumzi. Ng'ombe alikuwa akihema Sola, ndani, nje, ndani, na kila pumzi ilifika nzima, kana kwamba amelala chini ya meza.

"Mayu," Daktari Shija alisema.

"Naam, baba," sauti ikajibu palepale. Hakuna aliyemgonga mwenzake.

"Dotto ananisikia?"

"Nakusikia, daktari!" Dotto alisema kwa mbali. "Mkono umekufa ganzi!"

"Anasukuma. Usifanye kitu. Ngoja. Ngoja." Alifumba macho. Wote tukafumba. "Ngoja... sasa. Mrudishe."

"Amerudi! Amerudi kidogo!"

"Kinga kwato kwa kiganja. Umeikinga? Ngoja, anasukuma. Ngoja, mwanangu. Sasa. Nyoosha."

Mlinzi alikuwa ameushika mkono wa mhasibu. Mkurugenzi alikuwa ameikunja kofia yake mpaka haikuwa na umbo.

"Umenyooka!" Dotto alipiga kelele. "Naona miguu miwili!"

"Sasa akisukuma, vuta naye. Mayu, shika mguu mmoja umsaidie. Chini, si nyuma. Haya. Haya. Haya!"

Kulitokea sauti ya kitu kizito na chenye maji kikianguka kwenye majani. Kisha hapakuwa na kitu. Nilitazama ruta ya akilini mwangu, nikadhani njia imekatika. Mama Nkwimba alikuwa ameinamisha sikio.

"Iko wazi," alisema. "Ngojeni."

Tukangoja. Halafu kikaja kitu kidogo, kikavu, kama mtu anayekohoa kanisani. Kisha mlio mmoja mwembamba, mrefu, usiokatika popote.

"Wabeja!" Mama Minza alikuwa akilia. "Wabeja sana, baba! Jike!"

Mkurugenzi alitoka nje kwenda kusimama peke yake uwanjani, ametugeuzia mgongo. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu na kofia ilikuwa kichwani. "Fundi Kabula," alisema, "hiyo foleni umeiitaje?" Nikamwambia. Akafikiri. "Iandikwe kwenye muhtasari wa kikao," akasema. "Kamati iliazimia ng'ombe atangulie." Halafu akaivunja Kamati, na maandazi yaliyobaki akapewa mlinzi, kwa heshima.

Hivyo basi, mwanangu uliyeukalia mkono wako, idhini ya foleni hiyo ipo. Iko masijala, faili la itifaki, ukurasa wa mwisho. Sauti ikipita humo, haiulizwi ni ya nani. Wakuu wapya watakuja, nao watakuomba uwapandishe, kwa upole, kwa mihuri. Usibishane nao kuhusu milisekunde. Waambie tu jina la foleni wanayotaka kuitangulia, kisha ukae kimya. Sijaona hata mmoja, huku kwetu, aliyethubutu.

Ndama yule Mama Minza alimwita Itifaki. Sasa ni ng'ombe mzima, amezaa mara nne, na uzao wake umejaa zizini. Juzi, baada ya simu yako, nilipiga kituo cha Sola kwa simu ya mezani ya kituo cha hapa Nassa, kwa njia ileile, ili nihakikishe kweli hujaifuta. Alipokea Dotto, siku hizi ndiye mkuu wa kituo. Tulisalimiana mpaka mwisho bila kugongana hata mara moja: watoto, mvua, ng'ombe. Nikamwomba asogeze simu dirishani. Itifaki alikuwa zizini, ameletwa kuchanjwa. Alihema kwanza. Niliisikia pumzi nzima, halafu akalia, na nikajua analia sasa.